Kituo Kisicho na Mwenyeji

"Yaani unakwenda kutambulishwa kwa wifi," mama yake alisema, "na wifi mwenyewe umeshamtukana mbele ya watu mia tatu."

"Sikumtukana, mama. Nimeukosoa mchezo."

"Na mchezo kautengeneza nani?"

Taratibu alikuwa akipiga pasi gauni lake la kijani, lile la kwendea harusini, na kulikuwa na mkunjo mmoja kiunoni uliogoma kunyooka. Aliurudia mara ya nne.

Taratibu halikuwa jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Alipewa na wajenzi wenzake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiendesha kreni ya mnara, amekaa kwenye kibanda cha vioo juu kabisa, na neno lililosikika zaidi kwenye redio yake ya mkononi lilikuwa hilo: taratibu, taratibu jamani. Likamganda. Hata mama yake siku hizi alilitumia, hasa akiwa na hasira.

"Taratibu, mwanamume mwenyewe unamjua kwa sauti. Miezi minane mnazungumza kwenye hedifoni, mmeonana mara tatu, na kazi yake ni kutengeneza nyota za uongo. Yule wa kwanza angalau alikuwa na kazi ya kueleweka."

"Kazi yake ilieleweka, mama. Yeye ndiye hakueleweka."

Mama mwenyewe alikuwepo siku mkwe wake alipokuja kuchukua masanduku yake, akiwa anatabasamu, baada ya miaka minne ya kusema kila kitu kiko sawa.

Habari ya Fundi ilianza na mguu. Mwaka uliopita Taratibu aliteleza kwenye ngazi ya kreni, kifundo kikavunjika, akakaa nyumbani wiki nane. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili aligombana na mama. Wiki ya tatu akapakua mchezo wa mtandaoni wa kuendesha vyombo vya anga za juu, Upeo wa Pili, ambao bado ulikuwa jikoni: wenyewe walikuwa wamekaribisha watu wauchezee na waseme panapouma. Akapewa chombo cha kubeba shehena. Akakiendesha dakika kumi, akakiegesha kituoni, kisha akaandika: "Chombo chenu hakina uzito. Mzigo wa tani arobaini hausimami kama baiskeli. Aliyetengeneza mwendo huu hajawahi kunyanyua kitu."

Jibu lilikuja chai yake ikiwa bado ya moto. "Ni kweli sijawahi. Nifundishe."

Huyo ndiye Fundi. Mchezo wote ulikuwa wa watu wawili, yeye na dada yake. Yeye alishughulikia mwendo wa vyombo, dada alichora kila kinachoonekana kwa macho: nyota, vituo, vumbi la sayari. Taratibu akamweleza jinsi mzigo unavyoyumba baada ya wewe kusimama, jinsi unavyolazimika kuanza kufunga breki kabla hujaona sababu ya kufunga. Fundi akabomoa kazi ya mwaka mzima, akaijenga upya. Mguu ulipopona, kila jioni Taratibu akitoka kazini alimkuta Fundi mtandaoni akimsubiri ajaribu. Ikafika jioni moja wakawa wameacha kuzungumzia mizigo, na hakuna kati yao aliyeona ni lini waliacha. Mara ya tatu walipoonana ana kwa ana, Fundi alimshika mkono wavuke barabara, wakavuka, wakatembea mitaa miwili, na mkono ukawa bado uko pale pale.

Halafu ikaja ripoti yake ya arobaini na mbili kuhusu mchezo. Wiki mbili kabla mchezo haujafunguliwa kwa kila mtu, Taratibu aliingia kwenye kituo kikuu, kazi ya dada, na akaandika aliyoyaandika kwenye jukwaa ambako wajaribu wote mia tatu wanasoma. Zaidi ya nusu yao wakajibu kwamba hata wao wameona hivyo hivyo. Ufunguzi ukaahirishwa. Dada hakutoka chumbani siku mbili. Siku ya tatu akatoka na kusema neno moja tu: "Mlete."

*

Fundi alikuwa akimngoja chini ya ngazi, kando ya duka la kutoa fotokopi. Shati lake lilikuwa limekosewa kifungo kimoja, upande mmoja juu upande mmoja chini, na alipomwona na lile gauni la kijani alisahau salamu.

"Umependeza," alisema baadaye kidogo.

"Kifungo."

Alijitazama, akacheka, akaanza kufungua na kufunga upya huku vidole vikimkataa. Taratibu alisogea akamsaidia. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia mtu akipumua. Hakuinua macho, maana alijua akiyainua hatajua tena amekuja kufanya nini.

"Nakuomba kitu kimoja," Fundi alinong'ona. "Atakuuliza. Mpe hata neno moja zuri."

"Nikiliona nitampa."

"Na kama hulioni?"

"Basi nitakunywa chai yake kwa heshima."

Hakucheka. Alimtangulia kupanda ngazi, ghorofa ya tatu, hatua za mtu anayekwenda kuchomwa sindano.

Chumba kilikuwa na meza mbili, kompyuta tatu, na kitanda cha kukunja kilichosukumwa nyuma ya mlango. Ukuta mmoja mzima ulijaa michoro ya penseli. Dada alikuwa amekaa katikati ya yote hayo, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Kabla ya mchezo alikuwa mchora mabango ya maduka. Fundi alikuwa na miaka kumi na mmoja walipobaki wawili duniani, na mabango hayo ndiyo yaliyomsomesha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu." Alimpima kutoka juu hadi chini. "Nilidhani utakuwa mrefu zaidi."

"Watu wengi husema hivyo nikishuka."

Fundi alitoa kicheko ambacho hakuna aliyekipokea. Akamimina chai, akaimwagia sahani, akaenda kukaa kwenye kile kitanda, mikono katikati ya magoti.

"Nimeyasoma uliyoyaandika," Dada alisema, "mpaka sasa nayasoma bila karatasi. 'Kituo ni kizuri na hakina mwenyeji. Nimekaa humo saa tatu. Ningefia humo na hakuna ambaye angeuliza.' Sasa kaa hapa. Nionyeshe."

Akamwachia kiti chake mwenyewe.

Taratibu aliketi. Kiti kilikuwa bado na joto. Akashika usukani, na skrini ikajaa giza na nukta za mwanga, na katikati yake kituo kikajitokeza polepole kama pete kubwa iliyoangushwa na mtu. Alianza kufunga breki mapema, kama ilivyo desturi yake. Chombo kikanguruma, kikayumba kidogo kushoto, akakisubiri kitulie, akakiingiza gatini bila hata kugusa ukingo. Nyuma yake alisikia Dada akivuta pumzi. Kumbe hakuwahi kuona mtu akiegesha hivyo kwenye kazi yake.

Akaingia ndani. Alipita kwenye kumbi, kwenye bustani ya miti iliyoelea, kwenye ukumbi wenye viti vingi vilivyopangwa vizuri. Mchezaji mwingine alipita, vazi la bluu, akaenda zake. Wa pili akapita. Taratibu alisimama kwenye dirisha kubwa akatazama upande wa pili wa pete, na hapo ndipo alipoona.

"Mapazia," alisema.

"Mapazia gani?"

"Kila dirisha lina pazia lake. Hili la maua, lile limechanika pembeni likashonwa. Mara ya kwanza sikuyaona. Ni mazuri, dada. Mazuri sana."

Hakuwa akimpaka mafuta, na Dada alilijua hilo, maana uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza. Kwenye kitanda, Fundi alikuwa ameinua kichwa. Macho yake yalikuwa yakimsihi: hapo hapo, basi, ishia hapo hapo.

Angeweza kuishia hapo. Chai ingenywewa, wangeongea habari za mguu wake na hali ya hewa, na angerudi nyumbani akiwa karibu mke wa mtu. Alimtazama Fundi jinsi alivyokunja vidole vyake, na moyo ukamuuma kwa kumpenda. Kisha akakumbuka miaka minne ya kila kitu kiko sawa.

"Lakini nikuulize," alisema, na akageuza kiti amtazame Dada usoni. "Humu ndani, ni kitu gani siwezi kukifanya peke yangu?"

"Hakuna. Ndivyo nilivyopanga."

"Basi ndicho nilichokiandika."

"Hujaeleweka."

"Dada, mimi nakaa juu mita hamsini. Mzigo ukienda nyuma ya ukuta siuoni. Chini kuna mzee mmoja, mfunga mizigo, hatuelewani hata kidogo, ananibishia mpaka namna ninavyokunywa maji. Lakini mkono wake ndio macho yangu. Akifunga ngumi, nasimama. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Kama kazi ile ingekuwa ya mtu mmoja, ningeshaiacha zamani. Humu kwako hakuna anayenihitaji nifunge ngumi. Watu wanapishana tu."

Dada alivaa miwani, akaivua tena.

"Una bahati," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Una mtu anayefunga ngumi kwa wakati. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili nikaachiwa huyu hapa. Msibani walijaa ndugu, kila mmoja akisema tuko pamoja. Ukipita mwezi ukihesabu waliobaki, hata kidole kimoja hukikunji. Basi nikasema, siku nikijenga mahali pangu, mtu asilazimike kumsubiri mtu. Aingie, afanye lake, asiangushwe na yeyote. Nimejenga miaka sita. Halafu unakuja wewe, mbele ya kila mtu, unaniambia ni kaburi."

"Sikuandika kaburi."

"Uliandika 'kimya cha makaburini.'"

"Hilo niliandika."

"Na hukuona vema kutuambia sisi kwanza? Ndugu yangu unazungumza naye kila siku ya Mungu. Hukuweza kumwambia yeye?"

Chini barabarani pikipiki ilipita, ikapotea.

Alimwambia. Alimwambia miezi mitatu iliyopita, na mwezi uliofuata akamwambia tena, na mara zote mbili Fundi alijibu, "Nitaongea na dada, niachie mimi, baadaye." Taratibu alimgeukia sasa. Alimsubiri kama anavyosubiri mzigo utulie. Fundi alikuwa akitazama sakafu, masikio yameiva kwa aibu, na midomo yake ilikuwa imefungwa.

Neno lilimjaa mdomoni. Lakini halikuwa lake kulisema. Alisimama, akalaza mkunjo wa gauni.

"Asante kwa chai, dada," alisema. "Na kwa kuniachia kiti."

Akatoka. Alishuka ngazi akishikilia ukuta, maana kifundo kile bado humlalamikia kwenye ngazi, na pia kwa sababu alikuwa haoni vizuri. Alikuwa amefika ghorofa ya pili aliposikia sauti ya Fundi huko juu, mlango ukiwa wazi, sauti ambayo hajawahi kuisikia kwenye hedifoni, imepasuka katikati.

"Aliniambia, dada! Aliniambia miezi mitatu iliyopita. Akarudia. Mimi ndiye nilisema nitakwambia, nikaogopa. Nimekuona siku mbili unalia, na bado nikakuacha udhani ni yeye."

Kisha Dada, pole pole: "Toka mbele ya macho yangu."

*

Fundi alimkuta Taratibu kwenye benchi la kituo cha basi, ng'ambo ya barabara. Alikaa, si karibu sana.

"Nimesema," Fundi alisema.

"Nimesikia."

"Nimechelewa dakika mbili."

"Umechelewa miezi mitatu."

Aliinamisha kichwa. Mwanamke aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na kapu lake aliwatazama, akasogea kidogo, akaendelea kusikiliza bila aibu.

"Nakupenda," Fundi alisema. "Sijui hata kama huu ni wakati wa kulisema. Dada ndiye aliyenilea. Sijawahi kumwambia kitu kimoja cha kumuumiza maisha yangu yote. Nilidhani nikikaa kimya kitapita chenyewe."

"Najua ulidhani nini. Nimeishi na mtu aliyedhani hivyo hivyo." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mimi siogopi mtu mwenye makosa. Kama ningeyaogopa nisingecheza mchezo wenu hata siku moja. Naogopa mtu wa baadaye. Siku nzima anatabasamu, kumbe moyoni ameshafunga mizigo."

"Mimi sijafunga chochote."

"Nitajuaje?"

Magari yalipita. Taratibu alimtazama ubavuni, kile kifungo alichomfunga mwenyewe, ile mikono iliyobomoa kazi ya mwaka kwa sababu mtu asiyemjua alimwambia amekosea. Mtu huyo huyo. Aliweza kuambiwa. Kumwambia mwenzake ndiko kulikomshinda.

"Niambie kosa langu," alisema.

"Nini?"

"Miezi minane nimekuandikia ripoti arobaini na mbili. Wewe hujaniandikia hata moja. Niambie kosa langu moja. Na usinipe la kunifurahisha."

"Taratibu..."

"Sasa hivi. Si baadaye."

Fundi alisugua magoti kwa viganja. Basi likaonekana mwisho wa barabara. Kisha akasema, akitazama mbele:

"Unausema ukweli kana kwamba umefika nao juu na kazi yako imeisha. Unauachia. Hutazami chini umemwangukia nani." Akavuta pumzi. "Mimi nilinyamaza, ni kosa langu, nitalibeba. Lakini yale maneno ya makaburini ulichagua wewe. Ungeweza kusema jambo lile lile bila yale. Siku ile ilikuwa inatimia miaka ishirini na mitatu tangu tuwazike wazazi. Hukujua. Lakini hukuuliza pia."

Yalimwingia Taratibu moja kwa moja. Alitaka kubisha, na alikuwa na ya kubishia, hata matatu. Kila alilolishika lilikuwa jembamba. Kweli hakuuliza. Aliandika sentensi ile, akaiona tamu, akaiacha kwa sababu ilikuwa tamu.

Basi lilisimama. Yule mwenye kapu aliinuka, akawatazama wote wawili kama mtu anayeondolewa kwenye sinema kabla haijaisha, akapanda. Dereva akapiga honi.

"Unapanda?" aliuliza dereva.

"Nenda tu," alisema Taratibu.

Fundi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliona basi limeondoka na Taratibu bado yupo, amesimama, anamnyooshea mkono.

"Umenikasirikia?" akauliza.

"Sana. Inuka twende."

"Wapi?"

"Juu."

Walivuka barabara. Safari hii Taratibu ndiye aliyemshika mkono, na alimshika kwa nguvu, kwa sababu alikuwa na hofu kuliko siku yoyote aliyowahi kupanda mnara. Kwenye ngazi ya ghorofa ya pili Fundi alisimama, akamgeukia, akaweka paji la uso wake kwenye la Taratibu. Walisimama hivyo mpaka mtu wa fotokopi alipopita na boksi la karatasi na kuomba njia.

Mlango ulikuwa umefungwa. Taratibu aligonga mwenyewe. Dada alifungua, macho mekundu, akasimama katikati ya mlango bila kusogea.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Si kwa nilichosema, dada. Ni kwa namna nilivyokisema. Neno lile halikuhitajika, na mimi niliona raha kuliandika. Nisamehe."

Dada alimtazama usoni. Akamtazama ndugu yake aliyejificha nusu nyuma ya bega la gauni la kijani, kisha akatazama mikono yao ilivyoshikana, ambayo hakuna aliyekuwa amekumbuka kuiachanisha.

"Ungeniomba radhi kwa ulichosema," alisema, "ningekufungia mlango usoni." Akajivuta pembeni. "Ingia. Wewe mwingine, kachemshe chai nyingine, ile imepoa. Na ukitoka huko jikoni uje na maneno yote uliyoyameza miezi mitatu, maana leo nayataka hapa mezani."